Mwenda Tezi na Omo, Marejeo ni Ngamani: Maisha ya Ibn Battuta

Utangulizi

Waswahili husema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ilizaliwa chomboni. Tezi ni upande wa nyuma wa jahazi, penye usukani. Omo ni upande wa mbele, unaoikata bahari. Ngama ni pale chini ndani ya chombo, ambapo maji yanayovuja hukusanyika na mabaharia huyachota ili chombo kisizame. Si mahali pa fahari. Abiria hapatazami, wala msifu chombo hapataji. Hata hivyo, uhai wa wote waliomo hutegemea kazi ifanywayo pale.

Miongoni mwa wasafiri wa kale, ni vigumu kumpata ambaye maisha yake yanaifasiri methali hii kumshinda Ibn Battuta wa Tangier, nchini Moroko. Wanafunzi wa historia na fasihi ya Afrika Mashariki humjua kwa kurasa chache alizoziacha kuhusu Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kurasa hizo hutajwa kila panapojadiliwa ustaarabu wa Waswahili kabla ya kuja kwa Wareno. Lakini nyuma ya shahidi huyo wa pwani kuna mtu aliyeondoka kwao akiwa kijana wa miaka 21, akakaa ughaibuni kwa miaka 24, akarudi akiwa na umri wa miaka 45, na ndipo alipoanza kuiona nchi aliyozaliwa. Elimu hiyo aliipata, ila aliilipia bei kubwa.

Kuzaliwa na Kuondoka

Abu Abdallah Muhammad ibn Abdallah, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier tarehe 25 Februari 1304, katika zama za watawala wa ukoo wa Marini. Kwa asili alikuwa Mberiberi wa kabila la Lawata. Jamaa zake walikuwa watu wa elimu ya sheria, na miongoni mwao walikuwemo makadhi. Naye alilelewa katika njia hiyo hiyo, akasomeshwa fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik, ambayo ndiyo iliyokuwa imeenea kote Maghreb. Laiti angalibaki, pengine angalikuwa kadhi kama wakubwa zake, na ulimwengu usingalilijua jina lake.

Tarehe 14 Juni 1325 aliondoka Tangier kwenda kuhiji. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na baadaye alisimulia kuwa kutengana nao kulikuwa mzigo mzito kwake na kwao pia. Hapana shaka waliagana wakitaraji kuonana baada ya muda wa hija, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mahujaji wa Maghreb.

Upweke wa ugenini ulimwonjesha makali yake mapema. Alipofika Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishikwa na homa kali. Aliposhauriwa apumzike hadi apone, alikataa, akaendelea na safari akiwa amejifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya mnyama asije akaanguka. Walipoingia Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri, wakawa wanaamkiana na kuulizana hali. Yeye hakuna aliyemwamkia, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Alilia mbele za watu, hata haji mmoja akamwonea imani, akamkaribia na kumliwaza kwa mazungumzo mpaka wakaingia mjini. Salamu, jambo ambalo mtu wa kwao huipokea mara kumi kwa siku bila ya kuitia maanani, ikawa kwake kitu cha kulilia.

Jambo moja linastahili kuzingatiwa hapa. Kitabu chake kinaeleza misikiti, masoko, mavazi na vyakula vya miji mingi ya dunia, lakini Tangier ya utoto wake hakielezi. Simulizi huanzia siku ya kuondoka. Haimo nyumba ya baba, halimo jiko la mama, haumo mtaa wala chuo. Ama kwa hakika, mtu hakitazami akionacho kila siku, hukipitia tu.

Jicho la Mgeni

Kutoka Tunis alipita Tripoli hadi Misri, akaona Alexandria na Cairo, kisha akaenda Damascus, na mwaka 1326 akatimiza hija yake ya kwanza. Hapo ndipo wengi wangaligeuza njia kurudi makwao. Yeye alielekea Iraki na Uajemi, akarudi Makka, akakaa huko kwa muda akiwa mwanafunzi na mchaji Mungu. Kadiri alivyoweza, alijiwekea kanuni ya kutopita njia moja mara mbili. Kanuni hiyo humfaa msafiri, lakini pia humwepusha na njia ya kwao, kwa kuwa njia ya kwao ndiyo aliyokwisha kuipita.

Mnamo 1331 alisafiri kwa chombo kutoka Aden, akapita Zeila na kushuka pwani ya Afrika Mashariki. Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sinia kubwa la mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Aliandaliwa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoliwa pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja alitambua kuwa chakula cha wenyeji kilikuwa hasa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kwa vyombo kutoka kwingine. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa uimara. Aliona kisima penye mlango wa msikiti, na kata ya mti yenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Aliona watu wakitembea miguu mitupu, wakinawa miguu kabla ya kuingia, na kipande cha jamvi nene mlangoni cha kupangusia. Kisha akaendelea hadi Kilwa, ambako alimsifu Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu wake.

Ni bayana kuwa mwenyeji wa Mombasa wa zama hizo asingaliona haja ya kuandika habari za kata ya kuchotea maji. Kwake hiyo ilikuwa kata tu. Lakini kwa kuwa mgeni aliiona na kuikumbuka, mambo hayo madogo ya alfajiri moja ya Mombasa yamedumu kwa karibu miaka 700. Msafiri huyu alikuwa na kipawa cha kuyatazama maisha ya kila siku ya wenzake na kuyaona kuwa yanafaa kusimuliwa. Kipawa hicho alikuwa bado hajakielekeza kwao.

Makao Mengi, Asiwe na Kwao

Baada ya Afrika Mashariki alipita Dhofar na Oman, akaenda Anatolia, akaingia nchi za Uzbek Khan, akazuru Constantinople, akavuka nyika za Asia ya Kati, na mnamo Septemba 1333 akafika kwenye mto Indus. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alikuwa akiwapenda wageni wenye elimu na kuwapa vyeo. Ibn Battuta alifanywa kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Cheo ambacho jamaa zake Tangier walikipata kwa urithi wa elimu na kwa subira, yeye alikipata ugenini kwa mkupuo mmoja na kwa fedha nyingi zaidi.

Hata hivyo, fedha hizo hazikumtosha. Aliishi kwa fahari, akalimbikiza deni la dinari 55,000. Isitoshe, sultani yule mkarimu alikuwa pia mwepesi wa kuua. Ibn Battuta alipomzuru sheikh mmoja aliyekuwa amemkasirisha mfalme, yeye mwenyewe aliwekewa walinzi, na kwa siku kadhaa akawa hajui kama atapona. Aliponusurika alijitenga na dunia kwa muda. Kisha sultani akamteua kuwa mjumbe wake kwa mfalme wa China. Ujumbe huo uliondoka Delhi mnamo 1342, ukashambuliwa njiani, na mwishowe vyombo vilivyobeba zawadi vikaharibiwa na dhoruba huko Calicut. Hakuthubutu kurudi kwa sultani mikono mitupu. Akaenda visiwa vya Maldivi, akawa kadhi tena, akaoa katika jamaa za wakubwa wa visiwa hivyo.

Kila mahali alipokaa alijaribu kutengeneza maskani. Alioa mara nyingi na kuacha mara nyingi. Njiani kwenda Misri alioa binti wa mtu wa Tunis, akagombana na mkwewe, akamwacha na kuoa mwingine, na msafara mzima ukasimama siku nzima kwa ajili ya karamu ya harusi. Delhi alizika binti yake mchanga. Maldivi alirudi kumtazama mwanawe aliyekuwa na umri wa miaka miwili, akaona heri mtoto abaki na jamaa za mama yake, naye akatweka tanga. Damascus nako alikuwa amemwacha mke mjamzito. Alipokuwa India alipata habari kuwa yule mke alijifungua mtoto wa kiume, akampelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Kwa hiyo aliacha nyumba katika nchi nyingi, lakini hakuna hata moja ambayo jioni ilimkuta mlangoni mwake kwa muda mrefu.

Kwa mujibu wa masimulizi yake, alifika pia China, ingawa wapo wataalamu wanaotilia shaka upana wa safari zake huko. Anasema nchi ile, pamoja na uzuri na utajiri wake, haikumfurahisha, hata akawa hatoki nyumbani ila kwa dharura. Katika mji mmoja aliletewa habari kuwa amefika mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu. Walipokaa kuzungumza, uso wa mgeni ukamjia kama uso anaoujua. Alipomwuliza, ikadhihirika kuwa yule ni mtu wa Sabta, mji ulio jirani na Tangier, na kwamba waliwahi kuonana Delhi. Mwenziwe alikuwa amepata mali nyingi na watumwa wengi. Lakini walipotambuana, mtu wa Sabta alilia, na Ibn Battuta akalia pia. Ugenini kabisa, mwisho wa dunia waliyoijua, kilichowaliza watu hao wawili waliofanikiwa ni kutajiana mitaa ya nyumbani.

Habari za Damascus

Mwanzoni mwa mwaka 1348 alifika tena Damascus, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Hamu yake ya kwanza ilikuwa kumwona mwanawe. Aliambiwa kuwa mtoto alikufa miaka 12 iliyopita. Katika mji huo huo alikuwepo mwanachuoni mwenyeji wa Tangier. Ibn Battuta akaenda kumwuliza habari za wazazi wake. Akajibiwa kuwa baba yake alifariki miaka 15 iliyopita, lakini mama yake angali hai.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Wakati alipokuwa akipokea mavazi ya heshima Delhi, baba yake alikuwa kaburini, naye hana habari. Lakini habari ya pili ilikuwa ya furaha: mama yu hai, na njia ya kurudi ilikuwa mbele yake. Hakuishika njia hiyo mara moja. Alikaa Sham, akaenda hadi Aleppo. Huko alisikia kuwa tauni imezuka Gaza. Aliporudi Damascus aliikuta imetanda. Watu wa mji walifunga siku tatu, kisha Waislamu, Wayahudi na Wakristo wakatoka pamoja kumwomba Mungu, kila kundi na kitabu chake. Alishuka Misri akakuta maiti wengi kupita idadi. Kutoka Misri akaenda Makka, akahiji tena mapema mwaka 1349. Hija ni jambo jema, na hakuna awezaye kumlaumu kwa ibada. Lakini ni zaidi ya mwaka mmoja uliopita tangu aambiwe kuwa mama yake angali hai.

Baada ya hija hiyo alipokuwa Cairo alisikia habari njema za Sultani Abu Inan wa Fez. Pia alishikwa na hamu ya nchi yake, jamaa zake na marafiki zake, akaona kuwa kwao kunashinda kwingine kote. Akafunga safari ya magharibi. Alipita Tunis, akapita Tlemcen, akaingia nchi ya Moroko. Alipofika mji wa Taza, safari ya siku chache tu kutoka Fez, akapewa habari kuwa mama yake amefariki kwa tauni. Maradhi aliyokutana nayo Sham yakamponyoka yeye, yakamtangulia nyumbani.

Mnamo Novemba 1349 aliingia Fez na kupokewa na sultani. Baadaye akaenda Tangier kuzuru kaburi la mama yake. Kwa hiyo aliporudi kwao, kilichobaki cha kuamkia ni kaburi.

Bei ya Nyama na Samli

Msomaji angetarajia kuwa mtu aliyeona kasri za Delhi na bandari za China angeiona Moroko kuwa ndogo. Kinyume chake, akifika hapo katika kusimulia kwake, anatua kuisifu nchi yake. La kuzingatia ni namna anavyoisifu. Haanzi na kasri wala jeshi. Anaanza na bei sokoni.

Anaeleza kuwa dirhamu za Maghreb ni ndogo, lakini manufaa yake ni makubwa. Kwa hesabu yake, Misri wakia 18 za nyama ya kondoo ziliuzwa kwa dirhamu moja ya fedha, ambayo ilikuwa sawa na dirhamu sita za Maghreb. Maghreb, hata nyama ilipopanda bei, wakia hizo 18 zilinunuliwa kwa dirhamu mbili tu, yaani thuluthi ya bei ya Misri. Samli, anasema, mara nyingi haipatikani Misri. Anataja vyakula ambavyo Wamisri hula pamoja na mkate: adesi na dengu zinazochemshwa katika masufuria makubwa na kutiwa mafuta ya ufuta, matango, na majimbi. Vyote hivyo, anaongeza, vipo Maghreb kwa wingi, lakini watu wa huko hawana haja ya kuvitegemea, kwa kuwa Mungu amewaruzuku nyama, samli, siagi na asali. Anapima pia zabibu na matunda mengine, akilinganisha na ya Sham, na kila mara mizani inaelemea upande wa kwao.

Si vibaya kukumbuka kuwa maneno haya yalisimuliwa kwa amri ya sultani wa nchi ile ile inayosifiwa, na kwamba Abu Inan mwenyewe anapambwa kwa sifa nyingi mno. Mtu anayemtegemea mfalme hana uhuru kamili wa kusema. Lakini sifa za wafalme zilikuwa na maneno yake yaliyozoeleka, na bei ya nyama haikuwa mojawapo. Hesabu ile ni ya mtu aliyesimama kwenye masoko ya Cairo na ya Damascus akinunua chakula chake mwenyewe, akarudi kusimama sokoni Fez, akashangaa. Samli ile ilikuwapo alipokuwa mtoto. Nyama ile ililiwa nyumbani kwao. Hakupata kuyataja kwa sababu hakuwa na cha kuyapimia. Safari ilimpa mizani, na jicho lililoona kata ya Mombasa hatimaye likageuka kukitazama chakula cha Moroko.

Kuna uchungu pia katika hesabu ile. Nyama na samli zilimngojea, kwa kuwa soko halifi. Waliokuwa wakimpikia hawakumngojea.

Safari ya Mwisho

Kuijua thamani ya kwao hakukumtia pingu mguuni. Baada ya kuzuru kaburi la mama yake aliugua miezi mitatu Sabta, akavuka bahari kwenda Andalusia, akazuru Granada. Halafu mnamo Februari 1352 aliondoka Sijilmasa na msafara wa wafanyabiashara, akaikata Sahara hadi dola ya Mali. Kabla ya kuondoka Sijilmasa, mwenyeji wake alikuwa ndugu wa yule mtu wa Sabta aliyeonana naye China. Alistaajabu jinsi ndugu wawili walivyotenganishwa na umbali wa namna ile.

Huko Mali, jicho lake lililokuwa la upole Mombasa lilikuwa limebadilika. Alipoandaliwa uwele uliochanganywa na asali na maziwa, aliuona si kitu. Aliposikia kuwa zawadi ya Mansa Sulayman inakuja, alisimama akidhani ataletewa mavazi na fedha. Akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Mtu aliyejifunza kuwa neema ya nyumbani ni nyama, siagi na maziwa alishindwa kuitambua neema hiyo hiyo ilipotoka jikoni kwa mwenziwe. Kwa upande mwingine alikiri kuwa Mali ilikuwa na usalama mkubwa barabarani, na kwamba wenyeji walichukia dhuluma na kuishika sala kwa bidii. Kupenda kwao ni jambo moja, na kukifanya cha kwao kuwa kipimo cha kudharau vya wenziwe ni jambo jingine. Ibn Battuta hakuepuka mtego huo.

Mnamo 1353, akiwa Takedda, alifikiwa na amri ya Sultani Abu Inan kuwa arudi. Alirudi na msafara uliokuwa na watumwa wanawake 600. Katika msimu wa baridi alivuka milima ya Atlas kwenye theluji nyingi. Alisema amepita njia za theluji Bukhara, Samarkand, Khurasani na nchi za Waturuki, lakini hakupata kuona njia ngumu kuishinda ile. Baada ya dunia nzima, njia iliyomshinda zote ilikuwa katika nchi yake mwenyewe.

Kitabu na Miaka ya Ukimya

Sultani aliamuru safari hizo ziandikwe. Kazi hiyo alipewa katibu Ibn Juzayy, mwenyeji wa Granada, ambaye alikuwa amekwisha kumsikiliza Ibn Battuta akisimulia katika bustani moja ya mji huo. Masimulizi yalikamilika Desemba 1355. Kitabu hicho, ambacho kwa kifupi huitwa Rihla, yaani safari, kinaeleza mwendo unaokadiriwa kufikia kilomita 117,000. Wapo watu wa baraza la Fez waliomwona mwongo. Ibn Khaldun, aliyekuwa kijana katika mji huo, ameeleza minong'ono hiyo, na jinsi waziri mmoja alivyomwonya asikanushe habari za nchi za mbali kwa sababu tu hajaziona kwa macho yake. Habari za fahari ya Delhi zilitiliwa shaka. Habari za nyama na samli kila mtu wa Fez angeweza kuzipima mwenyewe sokoni.

Karne nyingi baadaye, wataalamu wawili Wafaransa, Defrémery na Sanguinetti, walichapisha kitabu hicho huko Paris katika majuzuu manne kati ya 1853 na 1858, na tangu hapo jina la Ibn Battuta likaenea duniani kote. Uwanja wa ndege wa Tangier, mji ambao hakuueleza, umepewa jina lake.

Baada ya kusimulia safari zake aliishi miaka kumi na zaidi. Mwanachuoni Ibn Hajar al-Asqalani ameandika kuwa alikuwa kadhi katika mji mmojawapo wa Maghreb, na kwamba alifariki mwaka 770 wa Hijria, ambao ni sawa na 1368 au 1369. Cheo alichokipata mwishoni ni kile kile alichokuwa akiandaliwa tangu utoto: kuamua mashauri ya majirani, ya mirathi, ya ndoa na ya bei. Miaka 29 ya tezi na omo imejaza majuzuu manne. Miaka ya ngamani imepata sentensi moja.

Hitimisho

Maisha ya Ibn Battuta hayafundishi kuwa mtu asisafiri. Pasipo safari, asingalipata mizani ya kuipimia nchi yake, na wala pwani ya Waswahili isingalipata shahidi wa kata, jamvi na ndizi zake. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na katika mengi hayo kwao pia pamo. Lakini maisha hayo yanaonya kuwa vitu vya nyumbani na watu wa nyumbani havingoji kwa muda mmoja. Matunda hurudi kila msimu, nayo bei hupanda na kushuka. Mzazi ana msimu mmoja. Aliyeambiwa Damascus kuwa mama yake angali hai alikuwa na njia wazi mbele yake, na kati ya habari ile na mlango wa nyumbani akaweka zaidi ya mwaka mzima. Ngama ya chombo huchotwa maji kila siku, hata na yule anayetamani kusimama omo akiitazama bahari.